Tulikwenda Sur Kuposa, Tukaomba Umeme

Mimi ni mtu wa dizeli. Nalisema mwanzo ili mwenye kutaka kunidharau aanze mapema. Gari langu ni saluni nyeusi ya daraja la wakubwa, viti vya ngozi, mbao za kung'aa mlangoni, na chini ya boneti ina injini ya dizeli ambayo katika nchi hii ya petroli haina jamaa isipokuwa malori. Nililinunua Maskati kwa mtaalamu mmoja wa Kizungu aliyemaliza mkataba wake, akaona kulirudisha kwao ni taabu kuliko kuniachia mimi. Alinikabidhi funguo kwa uso wa mtu anayemwachia jirani paka wake.

Taabu ya kwanza ya dizeli ni kulitia mafuta. Pampu yake haikai na pampu za watu wa heshima. Iko nyuma ya kituo, kwenye vumbi, wanakopanga foleni malori ya kokoto na matangi ya maji. Basi kila wiki mbili, mimi mtumishi wa serikali pale Nizwa, kanzu nyeupe pee, kilemba kilichonichukua nusu saa mbele ya kioo, nasimama nyuma ya lori la mchanga nikivuta moshi wake. Mhudumu huja mbio kuniokoa. "Arbabu, bwana, petroli mbele, mbele!" Namwambia nataka dizeli. Ananitazama mimi, analitazama gari, kisha ananiomba nirudie, asije akaua gari la bwana mkubwa na kufukuzwa kazi.

Lakini likishashiba, limeshiba. Nakwenda Ibra kwa mamangu na kurudi Nizwa, na tena, na tena, sindano haina haraka. Milima ya Dima wa Tayyin linaipanda kama linashuka. Ndiyo, linanguruma. Asubuhi za baridi hukohoa kidogo kabla ya kukaa sawa, na mamangu kila mara hutoka nje na kuuliza, "Leo tena umeniletea kinu cha kusaga mlangoni?"

Ndugu yangu mdogo, anayekaa Samail na kufanya kazi Maskati, yeye ameingia umeme kama watu wengine wanavyoingia tarika. Gari lake ni saluni pia, tena kubwa kuliko langu, jeupe, na ndani hamna vitufe, mna kioo kimoja kama cha televisheni. Ukikaa naye dakika tano atakuhubiria. Halina oli ya kubadilisha. Halina sauti. Unalichaji nyumbani umelala, asubuhi limejaa. Kiyoyozi kinafanya kazi hata likiwa limesimama, na jirani hajui. Mimi ni mwadilifu, yote nayakubali. Siku ya kwanza alipokanyaga pedali niko ndani, kofia yangu ilihama kichwani ikakaa kiti cha nyuma. Ila nilimuuliza ataondoka vipi siku umeme ukimwishia njiani. Akacheka kwa huruma, jinsi wanavyocheka waliookoka kwa wasiookoka.

Haya yote yangebaki mabishano ya ndugu wawili kama nisingependa.

Nilikuwa na miaka arubaini na minne. Mke wangu wa kwanza tuliachana kwa wema, ikiwa kuna kuachana kwa wema, na miaka mitano nilikuwa nikila chakula cha mkahawa na kujiambia ni uhuru. Kisha pale Nizwa nikamjua mkutubi wa chuo kimoja, mwanamke wa Sur, wa miaka thelathini na minane, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kusaidia. Kila mwisho wa wiki huendesha peke yake kwenda kwa babake Sur, na kila Jumamosi jioni hurudi. Mamake alikwisha fariki, nduguze wa kike wameolewa, kaka zake wana nyumba zao. Wachumba wawili walikwisha kwenda kwa mzee huyo. Mmoja mzee alimkataa kwa kuwa anaishi mbali, na mwengine, wa Sur pale pale, kwa kuwa yuko karibu mno.

"Atakupa safari moja," aliniambia mkutubi wangu. "Ukirudi mikono mitupu usiende tena. Mimi si msichana, sitaki babangu azungukwe na watu wanaobembeleza."

Nilimpenda hata kwa maneno hayo. Usiku ule sikula.

Kikao cha kupanga safari kilikaa Ibra, nyumbani kwa mamangu. Babangu hayuko duniani, kwa hivyo msemaji alikuwa ami, nduguye babangu, aliyezaliwa Unguja mjini na kuja huku kijana. Mamangu alikata shauri la gari kabla kahawa haijamiminwa. "Hamwendi kwa watu wa Sur na lile lori lililovaa suti. Mtanuka kama wauza mafuta ya taa. Mtakwenda na gari ya nduguyo." Ami akaunga mkono. Ndugu yangu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Na mimi, bwana harusi mtarajiwa, nikakubali, kwa kuwa nilikuwa na hofu, na mwenye hofu hukubali gari lolote.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Ndugu yangu alikuwa ametoka Samail alfajiri, amekuja mbio, ameshatumia umeme wa kutosha, lakini alisema hesabu imekaa sawa. Nyuma tuliweka sinia tatu za chokoleti zilizofungwa utepe, maana siku hizi huendi kuposa bila chokoleti. Ilikuwa mwezi wa sita, jua la kukaangia yai.

Njiani ami alitufundisha mila. Kwetu Unguja, alisema, posa ni barua: unaifunga kwenye hanjifu pamoja na kitu kidogo, unapeleka, unangoja jibu nyumbani kwako, fedheha yote ni ya karatasi. Huku sivyo. Huku mwenye haja huingia majlisini, hupewa kahawa, na hainywi. Huweka kikombe chini. Mwenye nyumba akiona hivyo anajua umekuja kuomba, na akiwa muungwana husema, "Kunywa kahawa yako, haja yako imekwisha," yaani umeshakubaliwa. Hapo ndipo unaitaja haja.

"Na akishasema hivyo hana njia ya kukataa?" nikauliza.

"Akatae vipi? Neno limeshatoka. Lakini ni haja moja. Ukishakunywa, khalas, mambo yamefungwa." Ami alikuwa ameisoma mila hii kama mtu anayesomea mtihani, na hotuba yake ya Kiarabu aliirudia toka Ibra mpaka Bidiya, kwa lafudhi ile ya Unguja ambayo miaka yote ya Oman haijaiweza.

Bidiya anakaa shangazi yetu. Kupita mbele ya nyumba ya shangazi bila kuingia ni kosa linalosameheka kwa taabu kuliko wizi. Tulisema dakika kumi. Akaleta sambusa. Akaleta matunda. Akaleta vitumbua, akataka kujua mkutubi ni nani, mama yake nani, na bibi yake aliumwa nini. Saa moja na nusu ikenda. Na muda huo wote, nje kwenye jua, gari la ndugu yangu lilikuwa linawaka kimya kimya na kiyoyozi chake, kuzilinda chokoleti zisiyeyuke. Hakuna aliyelisikia. Langu lingenguruma mpaka shangazi mwenyewe angesema, "Hebu lizimeni hilo."

Tulipotoka, chokoleti zilikuwa na baridi ya kifalme na betri ilikuwa imeshuka mpaka ndugu yangu akaacha kuhubiri. Alisema hapana wasiwasi, kuna mashine ya kuchajia kituo cha mbele. Kweli ilikuwepo. Ilikuwa imefunikwa mfuko wa plastiki na kufungwa kamba, kama mzigo unaosubiri mwenyewe. Ndugu yangu alishuka, akaufungua mfuko, akaangalia ndani, akaufunga tena vizuri.

Tukazima kiyoyozi. Tukafungua madirisha. Wanaume watatu wenye vilemba na majambia kiunoni, kwenye gari la anasa, upepo wa moto unatupiga makofi, nyuma ya malori kwa mwendo wa harusi kwa kuwa ndugu yangu alisema polepole ndiko kunakobana umeme. Kilemba cha ami kikafunguka. "Hii ndiyo gari ya siku za mbele?" aliuliza. "Basi nashukuru nimeishi zaidi siku za nyuma." Mimi nikakishika kilemba changu kisifuate. Ningesema, ningesema mengi.

Tuliingia Sur tukiwa na asilimia nne. Ndugu yangu alituomba, kwa sauti ya chini, tuulize kwanza habari ya umeme. Ami alimkemea: hatukuja kuomba kama masikini, tumekuja kuposa.

Mzee wa Sur alitupokea mlangoni mwenyewe. Mrefu, mkavu, uso usiotoa habari. Mfanyabiashara wa samaki aliyewaachia wanawe kazi lakini hakuwaachia maamuzi. Ndani majlisini kulikuwa na baridi, udi, halua, na wanawe wawili wamekaa wima. Nyuma ya dirisha la ndani nilisikia watu wa kike, nikajua naye yupo. Kahawa ikamiminwa. Ami, kwa hadhi ya jaji, akaweka kikombe chini. Na sisi tukaweka.

Mzee akavitazama vikombe vitatu. Hapana mtu Sur ambaye hakujua tumekuja kufanya nini, maana wanawake walikwisha zungumza kwa simu wiki nzima. Lakini mila ni mila.

"Kunyweni kahawa yenu," akasema kwa Kiarabu chao cha taratibu. "Haja yenu imekwisha, iwe nini iwe."

Ami akavuta pumzi ndefu, ile ya kuanzia hotuba, iliyokuwa na sifa za Mwenyezi Mungu, na nasaba, na Unguja, na Ibra. Na katika nafasi ya ile pumzi, ndugu yangu, aliyekuwa ameinama juu ya simu yake akiangalia gari likifa, akasikia "iwe nini iwe", akainua kichwa kwa furaha ya dhati.

"Allah akuzidishie, mzee wetu," akasema. "Tulikuwa tunaomba plagi."

"Plagi?" akauliza mzee.

"Ya gari. Ya kawaida tu, ya ukutani."

"Plagi tu?"

"Plagi tu!" akasema mjinga yule, kama mtu anayemwonyesha mwenzake jinsi alivyo mwepesi wa gharama.

Nikaona kitu kinapita usoni mwa mzee, kidogo sana, halafu akamgeukia mwanawe mkubwa. "Wapeni plagi." Akatugeukia sisi. "Haja imekwisha. Kunyweni."

Ami alibaki na pumzi yake kifuani. Kisha akakiinua kikombe, akaniinamia, akanong'ona kwa Kiswahili, "Kunywa, mwanangu. Ndoa yako imekwenda kwenye betri."

Nikanywa. Nataka niseme wazi kwamba nilitaka kulia, na nilitaka kumkaba ndugu yangu kwa kilemba chake mwenyewe, na sikujua nianze na lipi.

Ikiwa gari lingekuwa langu tungeaga baada ya halua, tukaondoka na aibu yetu mpaka Ibra bila kusimama. Lakini umeme wa ukutani huingia kwenye gari kubwa kama maji yanayotiwa kwenye pipa kwa kijiko. Ndugu yangu alikiri, alipobanwa, kwamba ili tufike nyumbani tungoje mpaka magharibi. Ilikuwa haijafika adhuhuri. Tulikuwa wageni wasio na haja tena, na hatuwezi kuondoka.

Haikuchukua robo saa, swichi kuu ya nyumba ikaanguka. Kiyoyozi cha majlisi na gari havikuweza kukaa pamoja. Mwana mkubwa akairudisha, ikaanguka tena. Ndugu yangu akasema atalichomoa gari. Mzee akakataa. Neno ametoa, na neno lake ni plagi. Akazima kiyoyozi, akaamrisha mikeka itandikwe uani, chini ya banda la mabati, na huko tukakaa sote kwenye joto la Sur, tukilitazama gari likinywa.

Baada ya kuswali na kula, ami akasinzia na ndugu yangu akajificha ndani ya gari lake. Chini ya banda lile lile ilisimama pikapu ya mzee, ya dizeli, ya kubebea masanduku ya barafu, ya zamani lakini imetunzwa. Ilikuwa na siku mbili haiwaki. Wanawe walikuwa wameiacha ikaishiwa mafuta, wakatia mengine, wakaimaliza betri yote kwa kujaribu. Nikauliza kama walitoa hewa kwenye njia ya mafuta. Wakaniuliza hewa gani. Watoto wa petroli hawa, hawajui kwamba dizeli ikimeza hewa haisamehe mpaka uitoe.

Sikuwa na cha kupoteza. Nikavua kilemba, jambia na kanzu, nikabaki na fulana na kikoi, nikaingia chini ya boneti. Mzee alikuja akasimama karibu, mikono nyuma. Nikalegeza nati ya juu ya chujio, nikasukuma kile kipampu cha mkono, mapovu yakatoka, nikasukuma mpaka yakaisha na dizeli safi ikatoka, nikakaza. Mikono ikanuka ile harufu ambayo mamangu aliikataza safari nzima.

"Sasa betri tu," nikasema.

Mzee akaenda mwenyewe kuleta gari jengine, gari dogo la bintiye, nililokuwa nikiliona kila siku Nizwa mbele ya maktaba. Lilipowaka, mkanda wake wa injini ulipiga ukelele wa kukwaruza meno. Tukaunga waya, nikaingia kwenye pikapu, nikazungusha. Ikakohoa, ikakohoa, ikashika, ikanguruma uwanja mzima. Ami akaamka akitaja Mungu.

Niliposhuka, lile dogo bado lilikuwa linalia. "Mkanda umelegea," nikamwambia mzee. "Nipe spana, dakika mbili nakukazia."

"Usiguse."

Alisema kwa ukali mpaka nikarudi nyuma. Kisha akalizima, akakaa kwenye ukingo wa pikapu. Wanawe walikuwa wamekwenda kuosha mikono.

"Naujua mkanda," akasema. "Una miaka miwili. Kila fundi anataka kuukaza, namkataza. Kila Alhamisi binti yangu anatoka Nizwa peke yake, njia yote hiyo, na ngamia barabarani, na malori. Silali wala sikai. Nikiusikia mkanda ule kwenye kona ya duka, ndipo navua kofia."

Nikajifuta mikono kwenye kikoi.

"Nilijua mmekuja kwa nini. Nduguyo alipotaja plagi, nilimshukuru Mungu. Nilisema, Alhamdulillahi, huyu ataondoka na umeme na mwanangu atabaki." Akanitazama mara ya kwanza sawasawa. "Unamtaka kweli?"

"Namtaka kweli. Toka mwaka jana."

"Kisha mimi nisikilize nini? Mtakuja hapa na kitu kama kile," akanyoosha kidole kwenye gari jeupe, "kitafika mlangoni kama jini. Sitajua mmefika au mmekufa njiani."

"Lile si langu," nikasema. "Langu ni dizeli. Mamangu amenikataza kuja nalo, anasema linatia aibu."

"Saluni ya dizeli?" Ni mara ya kwanza aliyocheka siku ile. "Nani anayenunua kitu hicho?"

"Mimi."

"Linalia vipi?"

Nikasita, kisha nikaona mtu aliyekwisha omba plagi badala ya mke hana heshima ya kulinda. Nikaliigiza. Mtu mzima, fulana imejaa mafuta, nimesimama mbele ya mkwe mtarajiwa nakohoa na kunguruma kwa mdomo, na mabadiliko ya gia juu yake. Kwenye dirisha la uani mtu akacheka, akajaribu kukizuia kicheko kikamshinda, na kicheko kile nilikijua.

Mzee naye akakijua. Akainuka, akaingia ndani, akakaa muda mrefu. Mimi nikavaa kanzu yangu juu ya uchafu wangu. Magharibi ikaadhiniwa. Ndugu yangu akatoka garini kusema sasa umeme unatosha, akaona uso wangu, akarudi ndani.

Mzee alitoka akiwa ametia udhu, maji yanamdondoka kwenye ndevu.

"Nimemuuliza," akasema. "Amesema ndiyo. Anasema alishasema toka zamani, mimi ndiye nisiyesikia." Akafunga vifungo vya mikono yake polepole, kimoja kimoja. "Kila Alhamisi mtakuja na hilo la dizeli. Na ukifika mlangoni usilizime mpaka nitoke nje."